Doti Moja: Nani Alilipwa kwa Saa Isiyo na Namba?

Kuna saa moja ambayo hata kama hujawahi kuivaa, umeiona. Uso mweusi tii. Hakuna namba. Hakuna vistari vya dakika. Mishale miwili tu, na pale juu kabisa, doti moja ya dhahabu. Basi. Ukitembea katikati ya Nairobi, kuanzia maduka ya vioo hadi meza za kando ya barabara, hutakosa wajukuu wake: saa nyembamba, safi, uso mtupu, mkanda wa ngozi. Jamaa akipata kazi ya kwanza ya ofisi, mshahara wa mwezi wa kwanza ukiingia, hiyo ndiyo saa anajinunulia. Inasema "mimi ni mtu serious" bila kupiga kelele.

Wengi wanadhani saa tupu ni saa ambayo mtu alichoka kuchora. Wacha nikwambie, ni kinyume. Huo utupu umepiganiwa. Ndani yake kuna shule iliyofungwa wakati wa Wanazi, kuna ndugu wawili waliouawa kwa sababu ya karatasi, kuna kampuni iliyochukua wazo la mtu ikamlipa akiwa mzee, kuna Apple, na mwisho kabisa kuna vijana wawili walioacha chuo kama mimi na wakaondoka na mamilioni ya dola. Ni stori ndefu kidogo, lakini ina doh ndani yake, kwa hivyo kaa hapo.

Jua la utosi

Nathan George Horwitt alizaliwa Urusi mwaka wa 1898 na akafanya maisha yake Marekani. Hakuwa fundi wa saa. Alikuwa mbunifu: alichora kiti, akabuni njia ya kushikilia picha ukutani bila fremu, vitu kama hivyo. Mwaka wa 1947 akachora uso wa saa.

Hoja yake ilikuwa rahisi sana. Mtu hajui wakati kwa sababu ya namba. Binadamu alijua wakati kwa kuangalia jua liko wapi angani, miaka elfu nyingi kabla mtu yeyote hajaandika 1 hadi 12 kwenye duara. Kwa hivyo akaondoa namba zote, akaacha doti moja pale juu. Hiyo doti ni jua. Jua la utosi, jua la adhuhuri. Mishale inazunguka vile dunia inazunguka. Nyingine zote ni uchafu.

Sasa hapa mimi, mtu wa kuongea Kiswahili, lazima nisimame kidogo. Kwa sababu huyo mzee wa New York bila kujua alichora saa yetu.

Fikiria. Saa ya Kiswahili inahesabu kutoka jua linapochomoza. Jua likitoka siku imeanza, na lisaa limoja baadaye ni saa moja. Likifika utosini ni saa sita. Kwetu inafanya kazi kwa sababu tuko karibu na ikweta. Jua linatoka na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Mtu wa Stockholm hawezi kuishi hivyo. Desemba jua lake linatoka karibu saa tatu asubuhi, na Juni limeshatoka saa kumi usiku bado haijafika. Kwake jua si la kuaminika. Kwetu ni saa ya ukutani.

Halafu zikaja saa za Ulaya na namba zao. Mshale uko kwenye 7, wewe unasema saa moja. Mshale uko kwenye 9, unasema saa tatu. Kila mtoto wa Kenya amepitia hii shule ya msingi: saa ile ile moja ya karatasi, mwalimu wa Kiswahili anataka jibu hili na mwalimu wa Kiingereza anataka lile, na ukichanganya unakula alama ya mkasi kwa wote wawili. Ujanja tuliofundishwa ni kuangalia mkia wa mshale badala ya kichwa. Kichwa kikiwa kwenye 7, mkia unaelekea 1. Kila siku tunavaa mkononi chombo ambacho maandishi yake yanapingana na mdomo wetu.

Saa ya Horwitt haina huo ubishi. Haisemi saba wala moja. Inasema tu: jua liko pale, mshale uko hapa, malizia mwenyewe. Sidhani Horwitt aliwahi kuwaza habari za Lamu au Machakos alipokuwa akichora. Lakini alifika mahali ambapo Waswahili walikuwa wameshakaa.

Tusi lililo ndani ya usafi

Nikuambie ukweli, wazo la "toa mapambo" halikuanza vizuri kwa watu kama sisi.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini kulikuwa na msanifu majengo wa Vienna anaitwa Adolf Loos. Aliandika insha maarufu ambayo mpaka leo wanafunzi wa usanifu wanasomeshwa, akilinganisha mapambo na uhalifu. Hoja yake: kadiri watu wanavyostaarabika ndivyo wanavyoacha kupamba vitu vya matumizi. Na mfano wake wa mtu asiyestaarabika ni nani? Watu wa Papua na chale zao. Kwa Loos, kuchora ngozi, mtumbwi na kasia ni hatua ya utotoni ya binadamu, na Mzungu wa kisasa anayefanya hivyo amerudi nyuma.

Soma hiyo ukiwa umesimama Mombasa mbele ya mlango wa kuchonga. Isome ukiwa umevaa shanga za nyanya yako. Isome ukiwa ndani ya nganya ya Rongai, taa za buluu, picha za wanamuziki kuanzia bampa hadi paa, besi inakupiga kifuani. Kwa hesabu ya Loos sisi wote bado hatujakua.

Mimi napinga, na si kwa hasira tu. Nganya haijapambwa kwa sababu mwenye gari hajasoma. Imepambwa kwa sababu pale steji kuna matatu kumi zinaenda njia moja kwa nauli moja, na abiria anachagua kwa macho. Hayo mapambo yana kazi. Ukiyafuta umeua biashara. Kwa hivyo swali zuri la kuuliza kitu chochote si "kina mapambo mangapi?" Swali ni "hiki kilichopo hapa kinafanya kazi gani, na kile kilichotolewa kilitolewa kwa sababu gani?"

Shikilia hilo swali, ndilo litatupeleka hadi mwisho.

Saa ya jikoni

Wajerumani waliouliza hilo swali kwa makini zaidi walikuwa wa Bauhaus, shule ya sanaa na ufundi iliyofunguliwa na Walter Gropius mjini Weimar mwaka wa 1919. Ujerumani ilikuwa imetoka kushindwa vita, watu hawana kitu. Wazo lilikuwa kuunganisha msanii na fundi na baadaye kiwanda, ili kikombe, kiti, taa, vitu vya kawaida, viwe vizuri na viweze kutengenezwa kwa wingi. Urahisi wa umbo haukuwa fasheni. Ulikuwa njia ya kupunguza gharama na kumfikishia mtu wa kawaida kitu cha heshima. Kama ilifaulu ni mjadala mwingine, maana vitu vyao vingi viliishia kwa wenye pesa. Lakini nia ilikuwa hiyo.

Shule ilihamia Dessau mwaka wa 1925, halafu Berlin, na mwaka wa 1933 ikafungwa kwa shinikizo la Wanazi. Walimu na wanafunzi wakatawanyika.

Mmoja wa wanafunzi wa Dessau alikuwa Mswisi, Max Bill. Baada ya vita vya pili alishirikiana na Inge Scholl na Otl Aicher kuanzisha shule mpya ya ubunifu katika mji wa Ulm, mwaka wa 1953. Hilo jina Scholl si la bure. Ndugu zake Inge, Hans na Sophie, walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu Munich waliokamatwa wakisambaza vijikaratasi vya kupinga utawala wa Hitler, wakauawa mwaka wa 1943. Sophie alikuwa na miaka 21. Shule ya Ulm ilianzishwa kwa kumbukumbu yao. Wazo lilikuwa kwamba ukitaka kujenga nchi upya baada ya uongo mwingi hivyo, anza na vitu vinavyosema ukweli. Kijiko kinachosema ni kijiko. Redio inayosema ni redio. Sisemi redio safi inazuia udikteta. Nasema hao watu walikuwa na sababu nzito ya kuogopa kelele na mbwembwe.

Katikati ya miaka ya 1950, Max Bill aliichorea kampuni ya Junghans, ya Msitu Mweusi kule Ujerumani, saa ya jikoni. Jikoni, eh, si sebuleni. Ilikuwa na uso wa saa juu na kipima dakika chini, cha kukukumbusha yai limeiva. Alifikiria mtu anayepika: mikono ina unga, mvuke umejaa, anageuza shingo mara moja tu. Vistari virefu kwa saa, vifupi kwa dakika, unaona mara moja na unarudi kwa sufuria. Mwaka wa 1961 zikatoka saa za mkono zenye uso wa aina hiyo. Junghans inaziuza mpaka leo, hazijabadilika sana.

Kutoka Ulm uzi unaenda moja kwa moja hadi kampuni ya Braun, iliyofanya kazi na walimu wa shule hiyo. Huko alikuwepo Dieter Rams, yule mzee wa kanuni kumi za ubunifu na msemo wake wa kidogo lakini bora. Mwaka wa 1989 Braun walitoa saa yao ya kwanza ya mkono yenye mishale, AW 10, kazi ya Dietrich Lubs chini ya Rams. Na kama umewahi kutumia kikokotoo cha iPhone za kwanza, zile vitufe vya duara, umegusa kikokotoo cha Braun cha 1987, ET66. Apple hawakuficha kwamba walikuwa wanafunzi wa Rams.

Sekunde moja na nusu ya kusubiri

Mfano ninaoupenda kuliko yote hautoki kwa msanii. Unatoka kwa injinia wa reli.

Hans Hilfiker alikuwa akifanyia kazi Shirika la Reli la Uswisi. Mwaka wa 1944 alichora saa ya stesheni: uso mweupe, vistari vyeusi vinene, hakuna namba. Kwa nini? Kwa sababu wewe abiria uko mbali, unakimbia na begi, na hakuna muda wa kusoma namba ndogo. Unene wa vistari unaonekana ukiwa upande ule mwingine wa reli.

Halafu mwaka wa 1953 akaongeza kitu. Mtu wa kupunguza akaongeza! Mshale mwekundu wa sekunde wenye duara mwishoni, mfano wa kile kibao chekundu ambacho mkuu wa stesheni alikuwa akiinua kuruhusu treni iondoke. Na huo mshale una tabia ya ajabu. Unazunguka kwa takriban sekunde 58 na nusu, unafika juu, unasimama. Unasubiri. Saa kuu ikituma ishara ya umeme kwamba dakika imeisha, mshale wa dakika unaruka mbele na ule mwekundu unaanza tena. Kwa njia hiyo saa zote za nchi zinaruka dakika kwa pamoja, na treni inaondoka dakika inapobadilika.

Kwa hivyo usafi si kuondoa tu. Hilfiker aliondoa namba kwa sababu hazikusaidia na akaongeza mshale kwa sababu ulihitajika. Mwaka wa 1986 kampuni ya Mondaine ilipata ruhusa ya kuweka uso huo kwenye saa ya mkono.

Mwaka wa 2012 Apple wakaweka uso huo huo kwenye saa ya iPad. Ruhusa? Hawakuomba. Waswisi wakalalamika, wakaelewana nje ya korti, na magazeti ya Uswisi yakaripoti malipo ya takriban faranga milioni 20. Kampuni tajiri kabisa duniani ilichukua uso wa saa usio na kitu juu yake, na ule "usio na kitu" ukawa na bei.

Hapo ndipo nilianza kuona kwamba utupu ni mali. Na kama ni mali, kuna mwenyewe, na kuna mwizi.

Dola 29,000

Turudi kwa Horwitt. Alizungusha mchoro wake kwa kampuni za saa, hazikuutaka. Saa bila namba? Nani atanunua? Akatengenezewa sampuli tatu tu. Lakini mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940 kampuni ya Movado, ya Uswisi, ikaanza kutengeneza saa yenye uso kama wake. Bila mkataba naye.

Horwitt hakulala. Alipata hataza ya mchoro wake Marekani mwaka wa 1958. Mwaka wa 1960 jumba la makumbusho la MoMA, New York, likachukua sampuli yake moja kuwa sehemu ya hazina yake ya kudumu. Sasa saa ina sifa. Na Movado wakafanya nini? Saa yao wakaiita Saa ya Makumbusho. Yaani sifa aliyopewa yeye ikawa jina la bidhaa yao.

Akapambana miaka na miaka. Mwaka wa 1975 akalipwa. Dola 29,000. Alikuwa ameshapita miaka 75. Alifariki mwaka wa 1990, na ile doti leo ni uso wa kampuni nzima. Ukisikia Movado, unachokiona kichwani ni jua la Horwitt.

Hii ndiyo sehemu inayoniuma kama mtu anayeishi kwa mawazo. Ukiibiwa simu, simu haipo, kila mtu anaona. Ukiibiwa mchoro, mchoro bado unao, na mwizi anakuangalia machoni anakuuliza, "Sasa nimekuibia nini? Doti?" Kitu kikiwa rahisi kukiangalia, watu hudhani kilikuwa rahisi kukifikiria. Kila mtu mtaani anayechora loga, anayetunga beti, anayebuni mtindo wa nywele, anaijua hiyo sentensi: "Hii hata mimi ningefanya." Ndiyo, ungefanya. Lakini haukufanya.

Saa ya kweli ya mwananchi

Wakati Horwitt anapigania doti yake, biashara yote ya saa ikapinduka. Siku ya Krismasi ya 1969 Seiko ya Japani ilianza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, yaani inayoendeshwa na betri na fuwele inayotetemeka. Bei yake yen 450,000, pesa ya gari dogo. Lakini teknolojia hiyo ikashuka bei haraka, na Waswisi wakaumia vibaya: kazi karibu 90,000 za mwaka wa 1970 zikabaki kama 30,000 hivi katikati ya miaka ya 1980.

Hapo njia ikagawanyika mara mbili. Upande mmoja, saa za makanika zikawa anasa. Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989. Januari 1990 Roland Schwertner akaanzisha Nomos katika mji wa Glashütte, upande wa mashariki, mahali ambapo viwanda vya saa vilikuwa vimetaifishwa baada ya vita. Saa yao Tangente, iliyochorwa na Susanne Günther na kutoka mwaka wa 1992, ni safi mno, inafuata saa za miaka ya 1930. Naipenda. Pia inauzwa zaidi ya euro 1,000, kwa hivyo naipenda kwa macho.

Upande wa pili ni ile saa ambayo mjomba wako anayo, mlinzi wa plot anayo, na wewe ulikuwa nayo darasa la sita: Casio F-91W. Ilitoka mwaka wa 1989, ikachorwa na Ryusuke Moriai, kazi yake ya kwanza ya kuchora saa pale Casio. Gramu 21. Betri inakaa takriban miaka saba. Kosa lake ni kama sekunde 30 kwa mwezi. Ina taa mbovu, kengele, na tarehe, na vitufe vitatu. Ni ya plastiki na imejaa maandishi usoni, hakuna mtu angeiita safi.

Lakini niulize tena lile swali letu: kilichopo kinafanya kazi gani? Kila kitu kwenye F-91W kinafanya kazi. Na mtu wa kawaida anaimudu. Kama nia ya Bauhaus ilikuwa kitu kizuri kwa watu wote, basi warithi wao halisi hawako kwenye kabati la vioo. Wako kwenye mkono wa konda.

Walioacha chuo

Sasa tufike kwa stori ambayo watu hunitumia kila mwezi, kwa sababu niliacha chuo na wanadhani itanifurahisha.

Mwaka wa 2011 Filip Tysander alianzisha Daniel Wellington huko Sweden. Uso mweupe, vistari vyembamba, mkanda wa kitambaa. Badala ya matangazo makubwa, waliwatumia watu wa Instagram saa za bure pamoja na namba ya punguzo. Dunia nzima ikajaa mikono iliyoshika kikombe cha kahawa. Mwaka wa 2013 Wamarekani wawili waliokuwa wameacha chuo, Jake Kassan na Kramer LaPlante, wakaanzisha MVMT. Walichangisha zaidi ya dola laki mbili kwa watu wa mtandaoni, wakatengeneza saa safi China, wakauza moja kwa moja kwa mteja kwa bei ya kama dola 100.

Mwaka wa 2018 MVMT ikanunuliwa. Dola milioni 100 mkononi, na hadi milioni 100 nyingine kama mauzo yangefika kiwango fulani. Mnunuzi? Movado Group. Wenye ile doti.

Weka hizo namba mbili pamoja. Aliyefikiria saa bila namba: dola 29,000, akiwa mzee, baada ya kupigana. Waliouza saa safi kwenye Instagram: dola milioni 100, ndani ya miaka mitano. Zaidi ya mara elfu tatu. Hata ukipandisha zile 29,000 kwa gharama ya maisha ya 2018, hazifiki laki mbili.

Sitaki kuwatukana hao vijana. Hawakuiba kwa mtu, walifanya kazi, na walielewa kitu ambacho kampuni kubwa zilichelewa kuelewa: jinsi ya kuongea na mtu wa rika letu kupitia simu. Hiyo ni akili. Lakini tuite kitu jina lake. Walichouza haikuwa saa mpya. Walichouza ni njia ya kukufikia. Uso wa saa ulikuwa umeshafikiriwa na wengine, ukapoteza sababu zake njiani, ukabaki picha inayopendeza kwenye kioo cha simu.

Najua kwa sababu hiyo mashine imenigusa pia. Kampuni moja ya saa, jina nalihifadhi, ilinitumia ujumbe: tunakutumia saa ya bure, wewe piga picha tatu, weka namba ya punguzo, utapata asilimia kidogo kwa kila itakayouzwa. Hakuna malipo ya kazi yenyewe. Nikawauliza swali moja tu: nani alichora hii saa? Wakajibu, "Timu yetu." Nikauliza timu ya nani, wapi, na kwa nini vistari ni vyembamba hivyo kiasi cha kutoonekana nje mchana. Kimya mpaka leo. Na hapo ndipo utaona vile huo mnyororo unafanya kazi: aliyechora hana jina, anayepiga picha halipwi, na pesa inakaa katikati.

Kwa hivyo wasee, mtu akikutumia hiyo stori ya "acha chuo uwe tajiri", muulize pia walianza na soko gani, kadi za benki za nani, posta ya nchi gani. Mimi niliacha kwa sababu ya karo. Hakuna aliyenipigia makofi siku hiyo.

Jinsi ya kusoma saa tupu

Sisemi usinunue saa safi. Nunua. Mimi mwenyewe nikiona uso wa Max Bill bado moyo unatulia. Ninachosema ni uisome kabla ya kulipa. Uliza namba zilienda wapi. Kwa Horwitt zilienda kwa sababu jua linatosha. Kwa Hilfiker zilienda kwa sababu abiria anakimbia. Kwa Max Bill vistari vilibaki kwa sababu mpishi ana haraka. Kama jibu la muuzaji wako ni "inaonekana classy", basi hapo hakuna wazo, kuna nafasi tu, na wewe ndiye unalipia nafasi.

Na kama wewe ni wa kuchora, kutunga, kushona au kupiga picha, hebu chukua hili la Horwitt kwa uzito. Andika tarehe. Hifadhi michoro ya kwanza, hata ile mibaya. Hapa Kenya hakimiliki inashughulikiwa na KECOBO na michoro ya bidhaa inasajiliwa KIPI. Ofisi zipo, zitumie kabla kitu chako hakijapendwa, si baada. Kwa sababu siku kikipendwa, atatokea mtu mwenye pesa akiangalia kazi yako ya miaka mitatu, atatabasamu, na atasema ni doti tu.